Mke wa Dirishani

Asubuhi hiyo Kimtsu alikuwa akifuta kioo cha dirisha la studio, kama alivyofanya kila siku kabla ya kufungua, alipoona kwamba bega la marehemu limesogea.

Halikusogea sana. Mtu mwingine asingegundua. Katika picha ile kubwa iliyotundikwa dirishani, Pekha, mke wa kwanza wa mumewe, alikuwa ameketi upande wa kushoto wa benchi la watu wawili, na nyuma yake lilining'inia pazia zito lenye mikunjo. Siku zote bega lake la ndani liliishia pale mkunjo wa tatu ulipoanzia. Sasa mkunjo wa tatu haukuonekana. Bega lilikuwa limeufunika.

Kimtsu akabaki na kitambaa mkononi. Akaitazama mikunjo tena, akajiambia kuwa ni mng'aro wa kioo tu, akaingia ndani kuteka maji.

Angekuwa mtu mwingine, maneno hayo yangemtosha. Lakini Kimtsu alikuwa fundi wa kurekebisha picha. Tangu usichana wake, katika studio moja mjini Tainan, alishinda ameinamia filamu na penseli iliyochongwa kama sindano, akifuta makovu ya ndui kwenye nyuso za watu, kisha akiwapaka rangi mashavuni kwa pamba. Jicho lake lilizoea kuona kitu kidogo kuliko chembe ya mchele. Na hakuna picha aliyoijua kama ile. Aliisoma jinsi mwanamke anavyomsoma mke mwenzake: kucha hadi utosi, akitafuta dosari.

Mji mzima wa Madou uliijua picha hiyo. Wachumba waliotaka kupigwa picha ya harusi walisimama kwanza mbele yake, wakanong'ona, kisha wakaingia na kusema, "Tunataka kama ile." Mumewe, Bunhiong, mtu mpole asiyekuwa na maneno mengi, alibadilika kabisa alipoulizwa habari zake. Mikono yake iliamka.

"Mwanga nimeuchukua kutoka dirisha lile la kushoto," aliwaambia. "Angalia, shavu la huku limewaka, la kule limezama, lakini chini ya jicho nimebakisha kipande kidogo cha nuru, kama kigae. Kikikosekana hicho, uso unakufa. Sasa tazama nafasi. Sikumweka katikati. Nimemweka pembeni, nikamwachia benchi tupu, mkono wake ukalala pale penye utupu. Jicho lako litaanzia usoni, litashuka begani, litafuata mkono, kisha litafika mahali pasipo na mtu. Hapo ndipo moyo unapokushtuka."

"Na yeye anatazama nini?" watu walimuuliza.

Hapo Bunhiong alitabasamu kidogo. Basi kila mtu alijua. Pekha hakutazama lenzi. Alitazama juu ya lenzi kidogo, midomo imeachana, kama mtu aliyekaribia kusema neno. Alikuwa anamtazama mumewe.

Kimtsu aliyasikia maneno hayo akiwa mezani kwake nyuma ya pazia, na kila aliposikia, aliichonga upya penseli yake. Ukewenza na mtu aliye hai una nafuu, aliwaza. Aliye hai huzeeka. Hukoroma. Hupika wali ukaungua. Huyu alikuwa na umri uleule milele, katika mwanga bora kuliko wote, na hakuna siku angekosea.

Bunhiong hakuwahi kumpiga Kimtsu picha hata moja, achilia mbali ile ya harusi, ambayo ilipigwa na mpiga picha mwenzake kwa sababu bwana harusi hawezi kuwa pande zote mbili za kamera.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwa desturi yao, mwanamke anayeolewa na mwanamume aliyefiwa na mke huenda kwa wazazi wa mke aliyekufa, huwainamia na kuwaita baba na mama, na kumwita marehemu dada. Hapo huhesabiwa binti wa nyumba ile, aliyerudi kwa mwili mwingine. Mama yake Pekha, mwanamke mjane aliyeishi kwenye mashamba ya mabalungi nje ya mji, alikwishatuma salamu mara kadhaa. Alikwishamshonea hata nguo. Kimtsu kila mara alikuwa na udhuru. Kichwa kinauma. Mvua. Kazi nyingi.

"Nikamwite dada?" alimwambia jirani yake Suat, muuza uji wa mchele wa duka la pili. "Dada gani anayelala na mume wangu kila siku machoni pa watu?"

"We mwanamke, utamwonea wivu hata kivuli!" Suat alicheka. "Mwenzio yuko udongoni."

"Yuko dirishani."

Siku chache kabla ya bega kusogea, alikuja msichana mmoja mwalimu, akaisifu picha, na Bunhiong akaeleza tena mwanga, nafasi, mkono. Alipomaliza akasema, polepole, kama anajisemea, "Sitapiga nyingine kama hii." Adhuhuri, Bunhiong alipokwenda kujinyoosha darini na mji wote ukiwa umesinzia kwa joto, Kimtsu aliitoa picha kwenye fremu, akailaza mezani, akachukua kijisu chake cha kukwangulia. Ndani ya kila jicho la Pekha kulikuwa na nukta nyeupe ya mwanga, ndogo kama kichwa cha pini. Akazikwangua zote mbili, akapaka wino mwembamba juu yake. Kazi ya dakika chache tu, tena safi. Alipomaliza, macho yalikuwa yale yale, isipokuwa hayakumwona mtu. Akairudisha dirishani, moyo umemtua.

Hakuna aliyegundua. Lakini kuanzia hapo watu walipita dirishani bila kusimama. Kisha ikaja asubuhi ile ya bega.

*

"Nipige picha," Kimtsu alimwambia mumewe juma lile. "Pale pale. Benchi lile lile, pazia lile lile."

Bunhiong alimtazama. "Kwa nini benchi lile?"

"Kwani lina mwenyewe?"

Akamweka katikati ya benchi. Kimtsu alijipaka poda, akachana nywele, akaitazama lenzi bila kupepesa. Bunhiong aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, akatoka, akabonyeza mpira wa kufyatulia. Wakaingia pamoja chumba cha giza, ambako hata mchana wa jua kali hakukuwa na mwanga ila taa moja nyekundu. Akaitumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa, akaitikisa taratibu.

Lilitokea pazia kwanza. Kisha benchi. Benchi likawa jeusi, wazi, tupu, na kwa muda Kimtsu alidhani karatasi imeharibika. Ndipo alipojiona. Alikuwa pembeni kabisa, bega moja limekatwa na ukingo. Katikati, mahali alipoketi, palikuwa na weupe hafifu kama pumzi juu ya kioo.

"Nimekosea fremu," Bunhiong alisema.

"Wewe?"

"Nimekosea." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijawahi, lakini nimekosea."

Alirudia siku ya pili. Alipima kwa kamba, akatia alama ya chaki sakafuni, akamwambia asitikisike. Katika beseni la dawa lilitokea pazia, likatokea benchi, na ukingoni ukatokea nusu ya uso wa Kimtsu: jicho moja na kipande cha mdomo. Weupe wa katikati sasa ulikuwa na mabega.

Bunhiong aliichana karatasi ikiwa bado inatiririka dawa. Na Kimtsu alipotoka na kwenda dirishani kutazama, akijua ataona nini na akitamani asikione, Pekha alikuwa amekwishajongea kuelekea katikati ya benchi.

Baada ya hapo mambo yalianza kwa vitu vidogo. Harufu ya maua ya mabalungi ilijaa dukani, tamu hadi kichefuchefu, na maua ya mabalungi hutoka mwishoni mwa baridi. Sasa ulikuwa msimu wa mvua na miti ilikuwa na matunda mabichi. Mvua ilipokuwa ikinyesha mchana, Kimtsu alisikia viatu vya mbao vikipanda ngazi, ko, ko, ko, vikifika juu, visishuke. Wateja waliingia wakamuuliza Bunhiong, "Huna msaidizi siku hizi?" naye Kimtsu kasimama mbele yao ameshika kitabu cha mifano ya picha. Alipokwenda kwa Suat kula, Suat alipanguza meza aliyokuwa ameiegemea Kimtsu, akapanguza hadi kwenye kiwiko chake, akaruka.

"Mama yangu! Umeingia saa ngapi?"

"Nimekaa hapa tangu ulipokuwa unamhudumia yule mzee."

Suat alimkazia macho, kicheko kikamwisha. "A-Tsu," alinong'ona, akimwita kwa jina la mkato, "unaumwa? Maana nakutazama, lakini... jicho linateleza. Linakataa kukushika."

Hata Bunhiong. Usiku na mchana aliishi naye, lakini alianza kuweka bakuli moja mezani badala ya mawili, na alipokumbushwa alishtuka akaomba radhi, macho yamejaa aibu na hofu, akasogeza kiti, na baada ya muda akawa anatazama tena ukuta uliokuwa nyuma ya mke wake kama kwamba baina yake na ukuta hamna kitu.

Alasiri moja, mvua ikipiga mabati, Kimtsu alikuwa peke yake chumba cha giza akisafisha mabeseni. Mlango ulikuwa umefungwa na pazia lake zito limeshuka. Akasikia huko nje, studioni, benchi likiburuzwa. Alidhani ni mumewe, akamwita, hakujibiwa, akakumbuka kwamba mumewe amekwenda shuleni kupiga picha za wanafunzi na mlango wa mbele yeye Kimtsu ameufunga kwa komeo. Benchi likaburuzwa tena, karibu zaidi, miguu yake ikikwaruza saruji kwa sauti ya jino lisagwalo, na harufu ya maua ikapita chini ya mlango ikainuka kama maji yanavyoinuka kwenye kisima, ikamfikia magotini, kifuani, puani, mpaka harufu ya dawa aliyoizoea tangu usichana ikapotea yote, na hapo ndipo alipohisi, nyuma ya shingo yake, katika chumba kisichoweza kuingia watu wawili bila kugusana, pumzi ya mtu, si ya moto wala ya baridi, ikipwita juu ya nywele zake kwa utulivu wa mtu ambaye amesubiri kwa muda mrefu na sasa hana haraka tena.

"Sogea," sauti ilisema sikioni. Ilikuwa sauti ya adabu, sauti ileile ya mpiga picha anapowapanga watu. "Sogea kidogo."

Kimtsu alisogea. Miguu ilisogea yenyewe.

"Kidogo tena."

Bega lake likagusa ukuta.

"Tena."

Na alipojitazama mkono chini ya taa nyekundu, aliiona sakafu kupitia kwenye vidole vyake.

Hakujua aliufunguaje mlango. Suat alimkuta amejikunja barazani mvuani, meno yanagongana, na safari hii alimwona kwa sababu alimkanyaga.

*

"Kwa nani niende?" Kimtsu alisema, amefunikwa blanketi. "Kwa mganga yupi?"

"Kwa mganga utakwenda," Suat alijibu. "Lakini kwanza nenda ulikokataa kwenda. Na uiondoe hiyo picha hapa, usiniletee balaa mlangoni."

Basi siku ya pili Kimtsu aliifunga picha kwenye shuka, akapanda basi, akateremka kwenye mashamba ya mabalungi. Mama yake Pekha alikuwa uani akimenya machipukizi ya mianzi. Alikuwa mwanamke mfupi, uso umekunjamana, mikono mikubwa ya shamba. Alimtazama mgeni moja kwa moja bila jicho kuteleza, na hilo peke yake lilimfanya Kimtsu alie.

"Umechelewa," mama alisema. "Ingia. Nguo niliyokushonea sijui kama itakukaa, umekonda."

Kimtsu alipiga magoti kwenye saruji yenye maji. Neno lile la desturi, "mama", halikutoka. Badala yake akafungua shuka.

Mama aliitazama picha. Pekha sasa alikuwa karibu na katikati, mkono umeufikia ukingo wa pili wa benchi, na macho yake yasiyo na nuru yalikuwa kama mashimo mawili. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akakipangusa kioo chake kwa upindo wa shati.

"Nani kamzima macho?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kila mtu anasema anamtazama Hiong kwa mapenzi. Nilishindwa kuvumilia, mama." Neno lilikuwa limetoka kabla hajajua.

Mama aliisogeza picha kwenye mwanga. "Wewe ndiye fundi wa picha," alisema. "Mimi ni mtu wa jembe. Lakini huyo ni mwanangu, nimemjua tangu hana meno. Tazama midomo. Mwanangu akifurahi, midomo yake hufunga. Ikiachana hivyo amekasirika na anajizuia. Tazama mkono. Umeona umelala? Haukulala, umebonyeza. Alikuwa anashikilia nafasi ya mtu."

Kimtsu akainama juu ya picha. Miezi yote hiyo, na jicho lake lote la ufundi. Vidole vya mkono ule vilikuwa vimekaza, ncha zake zimepauka. Na shingo, aliyoidhani imeinuliwa kwa madaha, ilikuwa imekakamaa.

"Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya harusi yao," mama alisema. "Aliniambia mwenyewe. Alimwomba mumewe wapige picha ya pamoja, wawili. Hawakuwa nayo. Hiong alimwambia kaa, naja, nikishaweka kamera sawa nitakuja kukaa. Akakaa. Akamwachia nafasi. Yule bwana akatazama kwenye kamera, akatazama tena, akasogeza hiki na kile. Mwanangu akasubiri. Hatimaye akamwangalia hivyo unavyomwona, akitaka kumwambia, 'Utakuja au huji?' Na mumewe akaona sura hiyo ni nzuri mno. Akafyatua. Kisha mteja akaingia, na siku ikaisha. Mwaka uliofuata mapafu yakamchukua."

Maji yalidondoka kutoka kwenye majani ya mibalungi. Kimtsu aliutazama tena uso wa picha. Ule haukuwa uso wa mwanamke anayependwa. Ulikuwa uso wa mwanamke mwenye wivu. Pekha alikuwa akiionea wivu kamera.

Mganga ambaye mama alimpeleka Kimtsu kwake aliitwa A-tho, mwanamke wa makamo aliyekuwa na meno ya dhahabu na alama za kuungua viganjani. Aliishi nyuma ya hekalu dogo la kijiji hicho. Alichoma udi, akajifunga kitambaa machoni, akaanza kuyumba na kupiga meza kwa vidole. Halafu akaacha. Akakaa upande wa kushoto wa benchi lake, akauweka mkono wa kulia kando yake, akaubonyeza.

"Miguu yangu imekufa ganzi," alisema, na mama akajifunika mdomo, kwa maana ilikuwa sauti ya bintiye. "Kasema anakuja. Nimemwekea nafasi. Halafu huyu kaja kukaa. Huyu kanizimia taa, simwoni anayekuja. Basi nitapapasa. Nitasogea mpaka nimguse mtu."

"Unataka nini, mwanangu?" mama aliuliza akilia.

"Akae."

A-tho alipozinduka, alikunywa maji, akamgeukia Kimtsu. "Umesikia. Anataka mume aketi. Akiketi aliye hai, utamzika. Usipomketisha mtu, atakumaliza wewe kwanza, kisha atamchukua hata hivyo."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kazi yako ni nini?"

"Kurekebisha picha."

"Basi mketishe kwenye picha. Yule wa wakati wake, siyo huyu wako. Halafu tutaichoma imfikie. Lakini sikiliza, binti." Alimshika kidevu. "Uifanye kwa moyo. Ukiifanya kwa shingo upande atajua. Huyo ni mwenye wivu, na mwenye wivu huona kila kitu. Wewe mwenyewe unajua."

*

Bunhiong aliposimuliwa hakubisha. Aliketi kwenye ngazi, uso mikononi. "Niliona mwanga," alisema. "A-Tsu, niliona mwanga tu. Sikumwona." Kisha akapanda dari, akashuka na picha ya zamani pamoja na filamu yake: yeye mwenyewe akiwa kijana, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji, akicheka. Kimtsu hakuwahi kukiona kicheko kile. Mtu huyo hakuwahi kumchekea yeye.

Alikaa mezani kwake na mlango wazi, mchana kweupe, barabara imejaa watu, na bado mikono ilikuwa baridi. Mwanga wa picha ya kijana ulitoka kulia. Akaigeuza filamu ili utoke kushoto. Akaichapa kwa kipimo cha benchi. Akamkata kwa kijisu, akaisugua migongo ya kingo kwa msasa mpaka karatasi ikawa nyembamba kama utando wa kitunguu, isionekane mshono.

Harufu ya maua ilipanda. Pumzi ikaja nyuma ya shingo yake, ikasimama pale, ikitazama. Na Kimtsu, badala ya kukimbia, na huku jasho likimtiririka mgongoni na kila unywele umesimama, na huku akijua kwamba ni yeye tu katika barabara yote ile yenye watu anayeisikia, alilazimika kufanya jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuchagua mahali pa kumweka mumewe kando ya mwanamke mwingine. Akamweka mbali kidogo, akaona ni uongo. Akamsogeza, bega kwa bega, akaona ni kweli, na ukweli huo ukamchoma kama chumvi kwenye kidonda, kwa sababu walipendeza, walipendeza kuliko maharusi wote aliowapaka rangi maishani mwake.

Kijisu kilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa amekielekeza kwenye uso wa kijana. Mkwaruzo mmoja tu, mdogo, na macho yake yangeelekea kwingine milele.

Pumzi nyuma yake ikakoma.

"Dada," Kimtsu alisema, kwa sauti ndogo ya kukauka. "Usinisimamie hivyo. Mkono unatetemeka. Rudi nyuma kidogo, nitamweka vizuri."

Kisha ko, ko. Hatua mbili za viatu vya mbao zikirudi nyuma.

Kimtsu alilia huku anafanya kazi. Akambandika. Akachora kivuli cha kijana kikiangukia sketi ya Pekha, akachora mkono wake juu ya ule mkono uliobonyeza. Mwisho akachukua brashi yenye unywele mmoja, akachovya rangi nyeupe, akamrudishia nuru jicho la kwanza, kisha la pili. Midomo ya Pekha hakuigusa. Lakini alipoinua kichwa, ilikuwa imefunga.

Waliichoma uani kwa mama, jua likiwa utosini, A-tho akiimba na kupuliza pembe. Picha ilijikunja kuanzia kingoni. Wale wawili walikuwa wa mwisho kushika moto, na kwa kitambo kifupi, katika karatasi inayogeuka nyeusi, ilionekana kama wanageuziana nyuso. Kisha majivu. Harufu ya maua ikakatika ghafla, kama mlango uliofungwa.

Mama alimvika Kimtsu ile nguo. Ilimpwaya mabegani, lakini aliivaa mpaka nyumbani. Suat alimwona tangu upande wa pili wa barabara akampigia kelele, "We! Hiyo nguo ya mama mkwe gani?"

Maisha yakarudi. Bunhiong akampiga picha Kimtsu, naye akatokea katikati, mzima, na pazia lote nyuma yake. Bunhiong akawa mchangamfu. Alikula vizuri, akalala vizuri, akamshika mkewe mkono hadharani. Hakuuliza kwa nini dirisha li tupu. Kimtsu alidhani ni busara yake, akamshukuru kimoyomoyo.

Sikukuu ya mwezi wa vuli ilipokaribia, mabalungi yalipoiva, mama alikuja mjini na kikapu mgongoni. Bunhiong ndiye aliyekuwa mlangoni. Mikono yake ndiyo iliyombeba mama huyo siku ya mazishi ya Pekha, alipoanguka kando ya kaburi. Alimpokea kikapu kwa heshima, akamkaribisha kiti, akamwinamia kama mtu anavyomwinamia mgeni.

Kisha akamgeukia mkewe, na uso wake ulikuwa safi, mwema, hauna kitu ndani.

"A-Tsu, mteja. Anasema ananifahamu." Akacheka kidogo kwa aibu. "Nisaidie. Mama huyu ni nani?"

Mama alibaki na tunda mkononi. Alimtazama Kimtsu. Huko nje Suat alikuwa akigombana na mtu juu ya uji.

Miezi yote ile ya ndoa, hakuna kitu Kimtsu alichokitaka kama mume wake amsahau mwanamke yule. Alitazama uso ule mpole ukisubiri jibu, na akajua kwamba kijana mwenye kicheko amekwenda kweli na Pekha katika moto ule, na kila alichokijua amekwenda nacho.

Akafika pale mama alipoketi, akalichukua lile tunda mkononi mwake, akamshika bega.

"Ni mama yangu," alisema.

"Ah!" Bunhiong aliinama tena, zaidi. "Samahani, mama. Sikujua. Karibu sana kwetu."

Kimtsu akaenda kuchemsha chai.